Sanduku lilisema 19, bia ilikuwa 27

Kioo cha themostati ya sanduku la kuchachishia bia kilionyesha nyuzi 19 siku tatu mfululizo. Utepe wa kupimia joto uliobandikwa ubavuni mwa ndoo, ule wa plastiki unaobadilika rangi, ulionyesha 26 na kuishia hapo kwa sababu ndiyo namba yake ya mwisho. Mwenye sanduku aliamini kioo. Kioo kilikuwa cha kidijitali na utepe ni kitu cha bei ya soda, kwa hiyo ukiulizwa uamini kipi utajibu kama yeye. Wiki mbili baadaye bia ilinuka dawa ya kufutia rangi ya kucha na ikachoma koo kama spiriti.

Mahali ni Leeds, kaskazini mwa Uingereza, Januari. Banda la gari limegusana na nyumba lakini halipashwi joto: alfajiri nyuzi 4, mchana 7. Humo ndimo bia ilimopaswa kuchacha, kwa kuwa ndani ya nyumba hakuna nafasi na wengine hawataki harufu. Kisheria hapana tatizo. Uingereza iliacha kudai leseni kwa anayepika bia ya kunywa kwake mwaka 1963. Leseni inahitajika unapouza. (Msomaji wa Kenya asijipe moyo kwa hilo: sheria ya vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza.) Bia yenyewe ni ya kawaida: lita 23 kwenye ndoo ya lita 30, haidromita (kipimo cha sukari iliyomo kwenye bia) ilisoma 1.048 kabla ya hamira, na hamira ni pakiti moja ya gramu 11.5 ya Safale US-05. Hamira ya namna hii ukiiweka kwenye 18 hadi 20 inatoa bia safi. Ikishuka sana inasinzia. Ikipanda sana, hasa siku tatu za mwanzo inapozaliana, inatoa vileo vizito na esta (kemikali zenye harufu ya matunda) nyingi, na hivyo havitoki hata ukizilaza chupa miezi.

Sanduku la kwanza lilijengwa kwa povu jeupe la polistirini, lile linalofungiwa televisheni mpya, unene wa milimita 25. Ndani lilikuwa na upana wa sentimita 50, kina 50 na kimo 90. Mlango wa mbele ulining'inia kwenye bawaba mbili na kufungwa kwa komeo moja katikati. Kwa kuwa povu hujikunja, pembe ya chini ya mlango iliacha mwanya wa milimita nne hivi. Hita ilikuwa ya bomba, wati 60, urefu wa sentimita 30, aina inayowekwa kwenye vibanda vya mimea ili isiungue kwa baridi. Ililazwa sakafuni nyuma ya ndoo. Kidhibiti kilikuwa Inkbird ITC-308, chenye soketi mbili, moja ya kupasha na moja ya kupoza. Ya kupoza haikuchomekwa kitu. Sensa yake ni ncha ya chuma kwenye waya mrefu. Waya ulipitishwa kwenye pembe ya chini ya mlango, palepale penye mwanya, na ncha ikaachwa ining'inie sentimita tano kutoka sakafuni.

Feni haikuwepo.

Anayejua mambo haya ameshaona kosa. Ila kosa la kuona kwa macho si sawa na kosa lililopimwa, na mwenye sanduku alikuwa tayari kununua kidhibiti kipya akidhani hiki kimekufa. Kwa hiyo jaribio likafanywa bila bia. Ndoo ilijazwa lita 23 za maji ya nyuzi 19, vipimajoto vitatu vya bei nafuu vikawekwa ndani ya sanduku, kimoja sakafuni karibu na mlango, kimoja usawa wa katikati ya ndoo, kimoja chini ya dari. Kabla ya hapo vyote vitatu pamoja na sensa vilichovywa kwenye glasi ya barafu iliyosagwa na maji kidogo, vikakorogwa dakika tano. Barafu inayoyeyuka ni sifuri, haibishani. Viwili vilisoma 0.3 na 0.4, cha tatu 0.1 chini ya sifuri, na sensa ya Inkbird ilisoma 1.2. Hilo hurekebishwa kwenye menyu ya CA, ya kusahihisha sensa: ukiandika −1.2, mambo yameisha. Kosa la nyuzi 1.2 si la kupuuza, lakini halielezi nyuzi nane.

Baada ya saa tatu hita haikuwa imezima hata mara moja. Sakafuni karibu na mlango 18. Katikati 23. Darini 28.

Basi kidhibiti hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinapima kijito cha hewa baridi kinachoingia mlangoni na kutambaa sakafuni, na kikiripoti kwa uaminifu kwamba hewa hiyo haijafika 19. Hewa ya moto ilipanda juu na kukaa juu. Katikati ya hizo mbili palikuwa na ndoo.

Hapa hesabu ya haraka inasaidia kuliko mabishano. Joto linalovuja ukutani ni eneo la kuta mara tofauti ya joto, mara uwezo wa ukuta kupitisha joto. Povu jeupe la milimita 25, ukijumlisha na hewa iliyotulia pande zote mbili, hupitisha karibu wati 1.2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Sanduku lile, ukichukua wastani wa eneo la ndani na la nje, lina mita za mraba 2.5. Nje 5, ndani 20: wati 45 hivi. Ongeza uvujaji wa mlangoni, unafika 48 au 50. Hita ya wati 60 iliyoachwa ikiwaka bila kuzimwa inaipeleka hewa ya ndani wastani wa nyuzi 23 au 24, na jaribio la maji lilikubaliana na hesabu.

Nyuzi zilizobaki zilitoka kwenye bia. Hili ndilo jambo ambalo wajenzi wengi wa masanduku hawalipigii hesabu: bia inayochacha ni hita. Kila kilo ya sukari ya kimea inayoliwa na hamira hutoa karibu kilojuli 587. Bia hii, kutoka 1.048 hadi 1.010, inakula kilo 1.8 au zaidi kidogo, yaani zaidi ya kilojuli 1,000. Kama joto hilo lote lingebaki ndani ya zile lita 23 lingezipandisha nyuzi 11. Halibaki lote, linatoka kidogo kidogo, lakini siku ya pili, uchachaji unapopamba moto, ndoo inatoa wati sita hadi nane. Kwa ndoo ya plastiki iliyozungukwa na hewa iliyotulia, wati hizo zinatosha kuifanya bia iwe na nyuzi mbili zaidi ya hewa inayoizunguka. Hewa 24 au 25, bia 27. Hakuna kilichobaki bila maelezo.

Inafuata pia kwamba hata sensa ingewekwa vizuri, katikati ya sanduku, penye hewa iliyochanganyika, bado bia ingekuwa 21 wakati kioo kinasema 19, kisha ingeteremka yenyewe siku ya tano uchachaji ukipoa. Yaani moto mwanzoni, wakati hamira haitaki moto, na baridi mwishoni, wakati joto kidogo lingeisaidia kumaliza. Kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Kwa sababu hiyo sensa ya sanduku la bia haikai hewani. Inakaa juu ya ndoo.

Sanduku la pili lilijengwa kwa bodi moja tu ya povu gumu la PIR lenye foili pande zote mbili, milimita 50, ukubwa wa kawaida wa madukani: sentimita 240 kwa 120. Mkato wake ni mzuri kiasi kwamba unastahili kuelezwa. Ipasue bodi kwa urefu upate vipande viwili vya 240 kwa 60. Cha kwanza kikate 90, 90 na 60: hizo ni mbavu mbili na dari. Cha pili kikate 60, 90 na 90: sakafu, mgongo na mlango. Mgongo na mlango vipunguzwe upana kutoka 60 hadi 50, ili viingie katikati ya mbavu. Kinachobaki kwenye bodi nzima ni mapande mawili ya sentimita 10 kwa 90, nayo hayatupwi. Tumia kisu kirefu cha kukunjua blade, kata foili ya juu, kisha povu, kisha foili ya chini. Msumeno unakula milimita mbili tatu kila mkato, na katika mpango huu hazipo za kupoteza. Vumbi la povu hili linawasha koo, kwa hiyo barakoa.

Viungo viligundishwa kwa gundi ya povu, vikashikwa kwa misumari mirefu ya mbao hadi gundi ikauke, kisha kila kona ikapigwa utepe wa alumini ndani na nje. Yale mapande mawili yalichanwa vijiti vya upana wa sentimita 2.5, vikagundishwa ndani kuzunguka uwazi wa mbele, sentimita tano kutoka ukingoni. Mlango unaingia kama kizibo na kugota juu ya vijiti hivyo, ambavyo vimebandikwa mpira laini wa milimita 10 wa kuzibia madirisha. Hauna bawaba. Unatolewa mzima na kuegemezwa ukutani, na ukirudishwa unabanwa na mikanda miwili ya mizigo inayozunguka sanduku lote, mmoja juu mmoja chini. Haupendezi macho. Lakini mlango wa povu wenye bawaba hupinda ndani ya msimu mmoja, na huu ukipinda mikanda inaunyoosha.

Sakafuni paliwekwa plaiwudi ya milimita 12, sentimita 50 kwa 50, ili uzito wa ndoo usichimbe povu. Chini ya sanduku zikapitishwa mbao mbili ndefu ili hewa ipite kati yake na saruji. Bila hizo, unyevu hukaa pale chini na baada ya mwezi unakuta ukungu mweusi.

Kwa unene huu uvujaji kwenye tofauti ya nyuzi 15 ni wati 18 hadi 20. Hita ileile ya wati 60, ambayo kwanza ilikuwa inapumua kwa shida, sasa inawaka theluthi moja ya muda. Kwa siku ni nusu uniti ya umeme. Sanduku la kwanza lilikuwa linakula uniti moja na nusu na kuharibu bia juu yake.

Kuna wanaotumia balbu ya kizamani badala ya hita. Inapasha, ndiyo. Lakini mwanga ukiifikia bia yenye hopsi huzaa kemikali yenye harufu ya kicheche, na plastiki nyeupe ya ndoo haizuii mwanga wote. Anayeng'ang'ania balbu aifunike kwa kopo la bati la rangi, lililotobolewa. Hita ya bomba haina balaa hilo. Sharti lake ni nafasi: ilifungwa kwenye mabano yake juu ya plaiwudi, sentimita tano kutoka kwenye kila povu na mbali na waya wa sensa. Povu jeupe huanza kulegea kabla maji hayajachemka, na PIR ikiungua hutoa moshi wa sumu. Kwa hiyo kwenye waya wa hita iliongezwa fyuzi ya joto inayokatika kwenye 72, ikakazwa juu ya ubavu wa sanduku palipo karibu na hita, na soketi ya banda ikapitishwa kwenye swichi ya RCD, inayokata umeme unapovuja. Kidhibiti chenyewe kinakaa nje. Relei yake (swichi ya ndani inayowasha na kuzima hita) ikiganda ikiwa imewashwa, na relei huganda, hakuna menyu itakayokuokoa. Fyuzi ndiyo itakayokata.

Feni ni ya kompyuta, milimita 120, volti 12, chini ya dari, ikipuliza kuelekea chini mgongoni mwa sanduku, juu ya hita. Inazunguka muda wote, haikuunganishwa na soketi ya hita. Ukiiunganisha na hita itasimama kila hita inapozima, na ule mlima wa hewa moto juu na baridi chini utajijenga upya. Inakula wati mbili, nazo zinabaki humohumo kama joto. Jaribio la maji lilirudiwa: juu 20.1, katikati 19.8, chini 19.3.

Sensa sasa. Ilibandikwa ubavuni mwa ndoo, katikati ya kimo cha bia, ikafunikwa kwa sifongo ya unene wa sentimita tatu yenye ukubwa wa kiganja, na yote ikashikwa kwa karatasi yenye gundi ya wapaka rangi. TS (joto linalolengwa) 19.0, HD (mwachano kabla hita haijawaka) 0.5: hita inawaka bia ikishuka hadi 18.5 na kuzima ikifika 19. HD ya 2.0 inayokuja na kifaa kutoka dukani ni pana mno. Ukiipunguza hadi 0.3 hakuna ubaya kwa hita, haina kompresa ya kuharibu.

Mpiko wa pili ulianza vizuri. Siku ya pili povu la hamira juu ya bia lilikuwa limenona, utepe wa ndoo unasoma 20, kioo 19.2. Siku ya sita haidromita ilisoma 1.022 na siku ya nane 1.022. Kioo bado 19. Utepe wa ndoo haukuwa na rangi hata moja, maana namba yake ya chini kabisa ni 14.

Gundi ya karatasi haipendi unyevu. Iliachia usiku wa siku ya tatu, sifongo ikaanguka, sensa ikateleza na kutua juu ya hita. Kuanzia hapo hita iliwaka dakika chache tu, ikaunguza sensa yake yenyewe, ikazima, ikangoja ncha ile ipoe, ikawaka tena. Kioo kilisoma 19 na pointi, muda wote. Bia ilishuka hadi 13 na hamira ikalala ikiwa na kazi mkononi.

Mwenye sanduku alikuwa ameweka kengele ya AL, ya joto likishuka mno, kwenye 16, kwa ajili ya tukio kama hili hasa. Haikulia. Isingeweza kulia: kengele inasikiliza sensa ileile iliyoanguka. Kwa hiyo dawa ya ugonjwa huu haipo ndani ya kidhibiti. Ipo kwenye kipimajoto cha pili, kisichojuana na cha kwanza, chenye waya wake na betri yake, kilichobandikwa upande wa pili wa ndoo na kioo chake nje ya mlango. Ukiona vimetofautiana zaidi ya nyuzi moja na nusu, fungua sanduku, usibashiri.

Bia hiyo iliokolewa. Sensa ilirudishwa na kushikwa kwa mkanda wa kunasa unaozunguka ndoo nzima. Gundi haikuhusika tena. TS ikapandishwa hadi 20. Kwa hita hii lita 23 hupanda nyuzi moja na kitu kwa saa, hivyo kutoka 13 ilichukua karibu saa sita. Ndoo ikatikiswa polepole kwa mzunguko, kifuniko kikiwa kimefungwa, ili hamira iliyotuama chini inyanyuke bila kuingiza hewa. Siku ya pili mapovu yalirudi, na baada ya siku tano haidromita ikasoma 1.011. Ladha ilikuwa safi, kwa sababu baridi ilikuja baada ya siku tatu za mwanzo kupita. Mpangilio ungekuwa kinyume, yaani moto mwanzoni kama mpiko wa kwanza, hakuna tiba. Mtu asiweke bia iliyosimama kwenye 1.022 chupani akidhani imekwisha: sukari iliyobaki inatosha kupasua chupa.

Jambo moja lilijitokeza mlango ulipofunguliwa: aliyeinama kuchungulia alihisi pua inawaka. Lita 23 za bia hii hutoa kilo 0.9 hivi ya kaboni dayoksaidi, karibu lita 480, na sanduku lote ndani ni lita 225. Likifungwa vizuri linajaa gesi hiyo mara mbili. Mpira mwembamba ulitolewa kwenye kifuniko cha ndoo, ukapitishwa ukutani kwenye tundu lililozibwa kwa silikoni, ncha yake ikazamishwa kwenye chupa ya maji iliyo chini kuliko ndoo. Unapofungua, mlango kwanza, hesabu hadi sitini, kichwa baadaye. Banda lenyewe nalo lisiwe limefungwa kabisa.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Kibuyu cha muratina, pombe ya jadi ya Wakikuyu, kilikaa karibu na moto wa jikoni kwa sababu hiyohiyo, na mwenye kibuyu alikisogeza kwa mkono. Aliyeko Dar es Salaam ana shida iliyo kinyume, hewa inayokaribia nyuzi 30 mchana na yenye joto hata usiku, na sanduku hilihili litamfaa akitoa hita na kuweka chupa mbili za lita mbili zenye maji yaliyogandishwa, akizibadilisha asubuhi na jioni, feni ikichomekwa kwenye soketi ya kupoza. Sensa inabaki palepale.

Mpiko wa tatu ulitumia mpangilio huu: TS 19.0 siku nne za mwanzo, kisha 21 siku tatu, ili hamira imalize na isafishe ile ladha ya siagi inayoachwa na bia iliyoharakishwa. Kwa siku hizo nne za mwanzo sensa ilisoma kati ya 18.5 na 19.6, kipimajoto cha pili kati ya 18.7 na 19.9. Siku ya pili mchana hita haikuwaka kwa saa tano: bia ilikuwa inajipasha. Siku ya saba, 1.010. Siku ya tisa, 1.010.